Siku Moja ya Mkaguzi, Miaka Sita ya Sifa

Apitaye katika mitaa ya miji ya Uingereza, iwe London au Leicester au Reading, hakosi kuona juu ya uzio wa chuma wa kituo fulani cha kulelea watoto wadogo kitambaa kirefu cha plastiki kilichofungwa kwa kamba pembe zake nne, kimeandikwa kwa herufi kubwa neno moja la sifa, na chini ya neno hilo jina la Ofsted, idara ya serikali inayokagua shule na malezi ya watoto nchini humo. Na wazazi wapitao na vigari vya watoto wao, wakiwa katika pirikapirika za kutafuta mahali pa amani pa kumwacha mwana wakati wa kazi, hulisoma neno lile, nyoyo zikatua, wakaenda zao. Miongoni mwa wazazi hao wamo watu wetu, Waunguja na Wamvita, Wabarawa na Wakongo waliokwenda kukaa huko, na miongoni mwa wanawake wanaofungua milango ya vituo hivyo alfajiri, wakawapokea watoto wa watu na kuwavua makoti, wamo dada zetu pia. Kwa hiyo suali la kwamba neno lile lina uzito gani si suali la Waingereza peke yao. Na jawabu lake, kama nitakavyojaribu kueleza, ni kwamba lina uzito mkubwa mahali ambapo wengi hawapatazami, na wepesi wa kushangaza mahali pale pale ambapo wengi wamepaegemea.

Uingereza ninayoitaja hapa ni England hasa, kwa kuwa Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini kila moja ina wakaguzi wake na mizani yake; huko Scotland, mathalani, wakaguzi hutoa alama kutoka 1 hadi 6. Katika England, kabla ya Ofsted kulishika jambo hili, usajili na ukaguzi wa walezi ulikuwa mikononi mwa halmashauri za miji na majimbo, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1948 na baadaye sheria ya watoto ya mwaka 1989, na afisa wa halmashauri, pamoja na taksiri zake zote, aghalabu alikuwa mtu aliyeijua mitaa yake na watu wake. Ofsted iliundwa mwaka 1992 kwa ajili ya shule, na mnamo Septemba 2001 ikakabidhiwa malezi ya watoto wadogo nayo, ili kipimo kiwe kimoja kwa nchi nzima. Likapatikana la usawa, likapotea la ujirani. Ikaja tena sheria ya malezi ya mwaka 2006, na kwa nguvu zake ukatungwa mwongozo wa miaka ya awali, ujulikanao kwa herufi zake za Kiingereza EYFS, ulioanza kutumika Septemba 2008, nao ndio unaoamuru hata leo ni watoto wangapi wawe chini ya jicho la mlezi mmoja: watatu ikiwa hawajatimiza miaka miwili, wenye miaka miwili walikuwa wanne, na tangu Septemba 2023 wameruhusiwa kuwa watano, na wa miaka mitatu na kuendelea ni wanane, au kumi na watatu akiwapo mwalimu mwenye sifa za juu. Msomaji aliyewahi kufungiwa chumbani na watoto watano wa miaka miwili siku ya mvua hatahitaji kuelezwa kwamba badiliko la kutoka wanne hadi watano halikuwa dogo kama lilivyoonekana katika karatasi.

Kwa muda mrefu madaraja yalikuwa manne: bora kabisa, nzuri, ya kuridhisha, na duni. Novemba 2013 daraja la tatu likavuliwa jina lake la upole, likaitwa "inahitaji kutengenezwa", kwa hoja kwamba kilichokuwa kikiitwa cha kuridhisha hakikuwa kikimridhisha mtu. Ikafika zama, katika miaka hii ya karibuni, ambapo zaidi ya vituo na walezi 95 katika kila 100 waliokaguliwa wakawa na daraja la nzuri au bora kabisa. Mwenye insafu aisomapo habari hiyo ataona kwamba ama malezi ya England yametengenea mno, ama mizani imekuwa haipambanui. Nami nadhani yote mawili yana sehemu yake, kwani wadhaifu wengi ama wamejirekebisha ama wamefunga milango, na walakini mizani inayowapa watu 95 katika 100 takribani jawabu moja haiwezi kumsaidia mzazi kuchagua baina ya hao 95. Mzazi anayejivunia kwamba kituo cha mwanawe ni "kizuri" amesema kweli, lakini amesema kweli ambayo karibu kila mzazi mwenziwe katika mtaa ule aweza kuisema.

Hebu tuitazame siku yenyewe, maana daraja lolote ni ushahidi, na ushahidi hupimwa kwa kumjua shahidi alisimama wapi, aliona nini, na kwa muda gani. Simu hupigwa siku moja ya kazi kabla ya ukaguzi, na tangu hapo hata usiku kituo hakina utulivu: meneja huwapigia simu walio likizo, mafaili hutolewa makabatini, tarehe za vyeti vya huduma ya kwanza hutazamwa tena na tena, na hakosekani mtu wa kupanga upya viatu vya mvua vya watoto mlangoni, ingawa sijasikia mkaguzi aliyempa mtu daraja kwa ajili ya viatu. Asubuhi yake mkaguzi huingia, mara nyingi peke yake, akaonyesha kitambulisho, akatembezwa na meneja chumba baada ya chumba huku akielezwa watoto wanakusudiwa kujifunza nini na kwa sababu gani. Kisha huchagua watoto wachache wa kuwafuata kwa makini, akazungumza na mlezi maalumu wa kila mmoja wao, kwa kuwa sheria inataka kila mtoto awe na mlezi wake anayejulikana. Huwauliza wazazi habari mlangoni. Hutazama shughuli moja bega kwa bega na meneja, si kwa ajili ya shughuli yenyewe tu, bali ili asikie meneja anavyoihukumu kazi ya watu wake. Na hukagua kumbukumbu za watumishi, kama wamechunguzwa rekodi za jinai kabla ya kuachiwa watoto, na kama yeyote kati yao, hata kijana aliyeajiriwa juzi, anajua amwambie nani na kwa njia gani akiona alama ya kipigo mgongoni mwa mtoto.

Tuchukue meza ya vitafunio, saa nne za asubuhi. Mkaguzi ameketi juu ya kiti cha mtoto, magoti yamepanda karibu na kidevu, kompyuta ndogo iko pajani. Mtoto wa miaka miwili na nusu ameshika jagi dogo la maziwa kwa mikono miwili, ulimi umetoka nje kidogo kwa juhudi. Mlezi aweza kulichukua jagi akamimina mwenyewe, na meza ikabaki kavu. Au aweza kungoja, mkono wake ukiwa karibu bila ya kugusa, akisema kwa sauti ya chini, "Taratibu, kikijaa acha", na maziwa yakamwagika, na mtoto akapewa kitambaa afute mwenyewe, na hapana aliyepaza sauti. Katika dakika hiyo moja mna lugha, mna nguvu za vidole, mna subira, na mna taadhima ya mtu mzima kwa mtu mdogo. Na mkaguzi hodari ataandika juu yake sentensi mbili zenye thamani kuliko kabati zima la mafaili. Jicho lile lile litashuka sahanini kuona kama zabibu zimekatwa kwa urefu wake, na litazunguka chumbani kumtafuta mtu mwenye cheti cha huduma ya kwanza kwa watoto, kwa sababu masharti ya sasa yanataka awepo kila watoto wanapokula, kwa hofu ya mtoto kupaliwa.

Sioni haya kusema kwamba kazi hiyo, ikifanywa na mtu mwenye maarifa, ni kazi ya sharafu, na wanaowadharau wakaguzi wote kwa jumla huwadhulumu. Ila mkaguzi ni sawa na mwonja mchuzi: ncha ya kijiko itamwambia kama chumvi imekolea, lakini haitamwambia nani atapika kesho. Na katika malezi ya watoto wadogo suali la nani yuko jikoni kesho ni nusu ya suali zima, kwa kuwa mishahara ya walezi ni duni, na msichana aliyepata ujuzi wa miaka mitatu huona kwamba duka kubwa la vyakula lililoko ng'ambo ya barabara linamlipa karibu sawa, bighairi ya kubadilisha nepi wala kujaza fomu. Kituo chaweza kusifiwa leo, meneja wake akaondoka mwakani, mwenye mali akaiuza kwa kampuni yenye vituo vingi, chumba cha watoto wachanga kikapata walezi wapya wote, na kitambaa kikaendelea kupepea uzioni kana kwamba hapana lililopita. Si uongo, maana neno lile lilikuwa kweli siku ile. Ni kwamba waliosababisha lisemwe wamekwisha kwenda zao.

Ndiyo maana nathubutu kusema kwamba tarehe iliyo juu ya ripoti yapasa isomwe kabla ya daraja. Kwa kanuni iliyotumika kwa miaka mingi, kituo kipya kilikaguliwa katika muda wa miezi 30 tangu kusajiliwa, na baadaye angalau mara moja katika kila duru ya miaka sita, isipokuwa yakizuka malalamiko. Na mtoto aingiaye kituoni akiwa na miezi tisa huwa amekwisha kwenda shule kabla ya miaka minne na nusu kupita. Watoto tele, basi, wamelelewa tangu kuingia hata kutoka bila ya mkaguzi kukanyaga pale walipolelewa. Juu ya hayo likaja janga la korona, kaguzi za kawaida zikasimamishwa Machi 2020, na zilipoanza tena mwaka uliofuata palikuwa na mlundo wa kazi iliyosubiri. Serikali imelikiri jambo hili kwa vitendo: kuanzia Aprili 2026 duru inafupishwa iwe ya miaka minne, na vituo vipya vikaguliwe katika muda wa miezi 18. Ni heri, ingawa miaka minne nayo ni umri mzima wa mtoto wa chekechea.

Wataalamu nao hawakulinyamazia suali la kama daraja linaonyesha ubora wa kweli. Tangu mwaka 1980 wapo watafiti wenye mizani yao wenyewe, iliyotungwa na Thelma Harms na Richard Clifford huko North Carolina, ambayo kwayo mtazamaji hukaa chumbani kwa saa kadhaa akipima jambo moja moja, kuanzia vitabu vilivyowekwa mahali mtoto anapovifikia mpaka namna mtu mzima anavyojibu anapoulizwa. Na mizani hiyo ndiyo iliyotumiwa katika uchunguzi mashuhuri wa Kiingereza ulioanza mwaka 1997, uliowafuata watoto wapatao 3,000 tangu chekechea na ukaonyesha kwamba ubora wa malezi ya awali huacha alama katika akili na tabia ya mtoto. Mwaka 2012 watafiti wa Oxford wakayaweka madaraja ya Ofsted ubavuni mwa mizani kama hiyo, wakakuta kwamba viwili hivyo havikwenda pamoja kama mtu angetarajia, na hasa kwa watoto walio wadogo zaidi, wale wasiotimiza miaka mitatu, uhusiano ulikuwa dhaifu sana. Halafu mwaka 2017 wakatokea wachumi Jo Blanden, Kirstine Hansen na Sandra McNally, wakachukua habari za watoto milioni 1.8, wakauliza: mtoto aliyelelewa katika kituo chenye daraja la juu kabisa, au chenye mwalimu mwenye shahada, akifika shule hujua zaidi kuliko mwenziwe kiasi gani? Jawabu lilikuwa kwamba tofauti ilikuwapo lakini ndogo mno. La ajabu zaidi, na ndilo ninalolipenda katika kazi yao, ni kwamba kituo alichokwenda mtoto kilikuwa na athari. Ila athari hiyo haikuelezwa na zile alama za nje ambazo serikali huzihesabu. Kitu chenyewe kilikuwapo, wala hakikuwa katika cheti.

Sasa tuje chini ya ngazi, ambako wapita njia hawapendi kutazama, na ambako mimi naona daraja lina maana yake kamili. Tofauti baina ya nzuri na bora kabisa ilikuwa tofauti ya rai. Mtu na mtu wenye elimu sawa waweza kuhitilafiana juu yake. Lakini daraja la duni halikuwa rai, lilikuwa tangazo kwamba sheria imevunjwa kwa namna inayoweza kumdhuru mtoto: watoto wamezidi kuliko macho ya kuwatazama, mtumishi ameachwa na watoto kabla hajachunguzwa, mlango wa uani haufungi, mtoto mchanga analazwa vibaya na hakuna anayemwendea kumtazama. Hapo kituo hupewa ilani ya kisheria yenye tarehe ya mwisho, ambayo kutoitii ni kosa la jinai. Hurudiwa na mkaguzi katika muda wa miezi sita. Na ikionekana kwamba watoto wako hatarini, usajili husimamishwa siku hiyo hiyo na mlango hufungwa. Aliyepewa "inahitaji kutengenezwa" alingojewa kwa miezi 12. Mzazi akiona daraja la chini, basi, asikimbie kabla ya kusoma, wala asipuuze kwa sababu tu anampenda mlezi wa mwanawe. Na ashuke hadi katika fungu linaloorodhesha kituo kimeamriwa kufanya nini, kwa kuwa humo ndimo ripoti inapoacha kusema kwa adabu ikasema kwa dhahiri.

Nimesema kusoma, kwa sababu si kila anguko ni la aina moja. Katika vijiji vya England ziko chekechea ndogo zinazoendeshwa na kamati ya wazazi katika ukumbi wa kanisa, ambako kila alasiri meza, vitabu na vikapu vya michezo hukunjwa na kufungiwa stoo ili jioni ukumbi utumiwe na watu wa ngoma au mkutano, na kila asubuhi hupangwa upya. Kamati hizo hubadilika kila mwaka, wazazi wakija na kuondoka na watoto wao, na sheria inataka kila mjumbe mpya atangazwe kwa Ofsted ili achunguzwe. Zimewahi kuanguka chekechea za namna hiyo, ambazo watoto wake walikuwa wamelelewa kwa mapenzi maridhawa, kwa sababu katibu wa kujitolea hakupeleka majina. Sitasema sharti hilo ni la upuuzi; aliye na mamlaka juu ya kituo cha watoto lazima ajulikane ni nani. Lakini mzazi aliyesoma neno moja tu atadhani kwamba kosa la karatasi na kosa la mtoto kuachwa peke yake bustanini ni kosa moja, na hapo neno moja limemdanganya bila ya kusema uongo.

Na kuna fedha. Tangu Septemba 2025 wazazi wafanyao kazi wanaotimiza masharti hulipiwa na serikali saa 30 za malezi kwa wiki, kwa wiki 38 za mwaka, tangu mtoto anapotimiza miezi tisa hata aanze shule. Na fedha hizo hupita katika halmashauri, ambayo haipasi kuendelea kukipa kituo kilichoitwa duni, bali yapasa iiondoe fedha yake mapema iwezekanavyo na kuwatafutia watoto mahali pengine. Kituo ambacho nusu ya pato lake au zaidi hutoka serikalini kikikatiwa fungu hilo hakina njia ya kuajiri walezi zaidi, na kuajiri walezi zaidi mara nyingi ndiyo dawa kiliyoandikiwa. Katika mitaa ya wenye nacho, wazazi huweza kuchangishana na kungoja. Katika mitaa ya mafukara kituo hufungwa, na watoto hutawanyika.

Walio na hali ya peke yao ni walezi wa nyumbani, wanawake kwa wingi wao, wanaosajiliwa kulea watoto wa watu sebuleni na jikoni mwao, wasiozidi sita walio chini ya miaka minane, na miongoni mwa hao wadogo wa chini ya miaka mitano wasizidi watatu, na mchanga wa chini ya mwaka mmoja kwa desturi awe mmoja tu. Kwa huyu ukaguzi si jambo la ofisi. Mgeni ameingia nyumbani kwake, anatazama ngazi zake, choo chake na friji lake, anamuuliza masuali ya elimu naye huku amempakata mtoto mmoja na mwingine anamvuta gauni, wala hana naibu wa kumpokea. Asipokuwa na mtoto anayemlea siku hiyo hapewi daraja lolote, ila huandikiwa tu kwamba ametimiza masharti, nao wazazi wasiojua kanuni husoma "ametimiza" wakadhani ni alama ya chini kabisa. Tangu miaka ya mwanzo ya 2010 idadi ya walezi hao imeshuka kwa zaidi ya nusu. Sababu ni nyingi, pato dogo likiwa mbele, na sitautwika ukaguzi lawama yote. Walakini nani asiyeweza kufahamu kwamba mwanamke wa makamo, aliyelea watoto wa mtaa mzima, aweza kuamua kufunga daftari kuliko kungoja simu ile tena?

Msukosuko ulioleta mabadiliko makubwa haukutoka katika chekechea, bali katika shule ya msingi. Mnamo Januari 2023 mwalimu mkuu wa shule ya Caversham huko Reading, marehemu Ruth Perry, alijitoa uhai baada ya shule yake, iliyokuwa na daraja la juu kabisa, kukaguliwa na kushushwa hadi la chini kabisa kwa neno moja. Na Desemba ya mwaka huo afisa aliyechunguza kifo hicho akaamua kwamba ukaguzi ule ulichangia. Nchi ilitikisika. Septemba 2024 hukumu ya neno moja ikaondolewa katika shule za serikali, na Novemba 2025, chini ya mkaguzi mkuu Martyn Oliver, ukaanza utaratibu mpya kwa shule na vituo vya watoto wadogo pamoja: badala ya neno moja, kadi ya ripoti yenye mafungu, mathalani mafundisho, maendeleo ya watoto, tabia na mazoea, siha na ustawi wao, uongozi, na namna wanavyopokewa wenye mahitaji maalumu, kila fungu likipewa moja ya hukumu tano, kuanzia "ya kipekee" na "imara", kupitia "kiwango kinachotarajiwa", kushuka hadi "inahitaji kuangaliwa" na "inahitaji marekebisho ya haraka", na ulinzi wa watoto umetengwa peke yake, umetimizwa au haukutimizwa. Vyama vya walimu wakuu vilipinga, vikisema kwamba badala ya neno moja la kutisha yamewekwa mengi. Naona wana hoja, ila kwa mzazi wa mtoto mdogo kadi hii ni afadhali kuliko ilivyokuwa, kwa kuwa inamlazimu asome zaidi ya tamko moja, na kwa kuwa la ulinzi, lililokuwa sehemu ya daraja la jumla, sasa limesimama wima peke yake. Kwa muda vituo vyenye daraja la zamani na vyenye kadi mpya vitakaa ubavu kwa ubavu katika mtaa mmoja, na havilinganishiki. Mwenye "bora kabisa" ya mwaka 2021 na mwenye "kiwango kinachotarajiwa" ya juzi hawakupimwa kwa mizani moja, na huyu wa pili ndiye aliyetazamwa na jicho la karibuni.

Husemwa kwamba haya yote ni kwa ajili ya kumpa mzazi uwezo wa kuchagua. Lakini mzazi wa kawaida wa London hachagui baina ya vituo kumi. Ana kimoja kilicho njiani baina ya nyumba na kituo cha treni, kingine ambacho ada yake haiwezi, na cha tatu ambacho orodha ya wanaongoja imejaa hata mwaka ujao, na baadhi ya walio katika orodha hiyo hawajazaliwa. Nafasi ikipatikana Jumanne na Alhamisi, huichukua. Kwa mtu kama huyo ripoti haifai kitu kama cheti cha kuchagulia. Yafaa sana kama karatasi ya masuali siku ya kwenda kutazama. Iliandikwa lini, na tangu hapo ni walezi wangapi waliokuwapo siku ile ambao wangali wapo? Lile fungu la mapungufu lilitengenezwa vipi, na naonyeshwa wapi? Mlezi maalumu wa mwanangu atakuwa nani, amekaa hapa kwa muda gani, na akiugua nani huchukua nafasi yake? Meneja mwema hujibu hayo bila ya kutafuta karatasi, na aghalabu humwita mlezi mwenyewe aje ajieleze. Wakati huo mzazi na amtazame mtoto anayelia, maana katika kila chumba cha watoto wachanga hakosi kuwapo mmoja, aone ni nani anayekwenda kumchukua na amechukua muda gani kufika.